Kikapu cha Mama Chafika Mtunda

Je, wewe mama unayesoma ukurasa huu, una kazi ngapi za mikono ulizozianza na hujazimaliza? Pengine kuna sweta lisilo na mkono mmoja chini ya kitanda chako. Pengine kuna kitambaa cha meza kilichodariziwa pembe mbili tu, kimeviringishwa pamoja na nyuzi zake katika kanga kuukuu. Kila mwaka unaposafisha chumba unakiona, unakikunjua, unasema, "Nitakimalizia," kisha unakirudisha pale pale.

Sisi tulikuwa na kikapu kizima cha kazi za namna hiyo. Wala hazikuwa kazi zetu. Zilikuwa za mama yetu, aliyefariki dunia mwaka 2022.

Sisi ni ndugu wawili, wanawake tulioolewa. Mmoja anaishi Morogoro, mwingine Dar es Salaam. Baada ya msiba kwisha na nguo za marehemu kugawanywa, kikapu kile kilibaki bila mwenyewe. Ndani yake mlikuwa na shuka jeupe la kitanda kikubwa pamoja na foronya zake mbili. Kuzunguka pindo la shuka Mama alikuwa amechora maua 24. Maua 15 yalikuwa yamekwisha kudariziwa kwa uzi wa waridi na wa kijani. 9 yalikuwa bado mistari ya penseli. Foronya moja ilikuwa imekamilika, ina maneno "Lala Salama" kwa uzi wa buluu. Foronya ya pili iliishia kwenye "Lala Sa", na sindano ilikuwa bado imechomekwa hapo hapo. Chini kabisa kulikuwa na sweta la kijani la mtoto, limebakia mkono mmoja. Mtoto aliyefumiwa alikuwa na miaka mitatu lilipoanzwa. Sasa yuko darasa la nne.

Shida ilianzia kwenye shuka. Kati ya yale maua 15, matatu ya mwisho hayakufanana na mengine. Mishono ilikuwa mara mirefu, mara mifupi, na jani moja la ua lilikuwa limevuka mstari. Mama aliyadarizi akiwa amekwisha kuugua, na macho yake yakiwa yamefifia. Mkubwa wetu alitaka kuyafumua na kuyadarizi upya, shuka lote lilingane, ampe binti yake siku ya kuolewa. Mdogo alisema shuka lisiguswe kabisa; lifuliwe, lipigwe pasi, lihifadhiwe kama lilivyo.

Maneno yalipita kati yetu. Mmoja aliambiwa hana heshima kwa mikono ya mama yake. Mwingine akaambiwa anataka kumzika mama mara ya pili ndani ya sanduku. Kwa muda wa miezi mitatu hatukupigiana simu ila kwa salamu za sikukuu. Ni aibu kuyaandika haya, lakini tunajua kwamba si sisi peke yetu. Kuna ndugu waliofarakana kwa shamba, na kuna waliofarakana kwa shuka.

Safari ya kwenda bondeni

Katika hali hiyo tukapata salamu kutoka Mtunda. Mtunda ni kata katika Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani, kwenye nchi ya chini ya mto Rufiji. Katika miaka ya 1980 baba yetu alifundisha huko, nasi tulikaa miaka mitatu tungali wadogo. Siku hizo kote huko kuliitwa Rufiji tu. Kibiti ilipata kuwa wilaya yake yenyewe baada ya sensa ya mwaka 2012. Jirani yetu wa wakati ule, ambaye Mama alimwita dada, ndiye aliyetuletea salamu. Habari za msiba zilikuwa zimemfikia kwa kuchelewa. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Mama yenu sikumzika. Ninyi basi njooni mnione ningali hai."

Yeye kwetu ni Mama Mkubwa. Asingeweza kuitwa jina jingine.

Basi mwezi wa Julai 2025 tukakutana Mbagala, Dar es Salaam, tukapanda basi la kwenda kusini kwa barabara ya Kilwa. Kikapu tulikichukua. Hakuna kati yetu aliyesema kwa nini. Mmoja alikishika mkono huu na mwingine mkono ule, tukaingia nacho. Tulipita Vikindu na Mkuranga, kisha Kimanzichana na Bungu. Huku na huku ni mikorosho, minazi na miembe, na kando ya njia wanawake wameketi na mafungu ya mihogo. Zaidi ya kilomita 100 baada ya kutoka jijini tukafika Kibiti. Mabasi mengine yaliendelea kwenda Ikwiriri na Daraja la Mkapa. Kabla daraja hilo halijafunguliwa mwaka 2003, wasafiri wa Lindi na Mtwara walivuka mto huo kwa kivuko pale Ndundu, na mto ukijaa walingoja. Sisi tuliacha lami, tukapanda bodaboda mbili, kila mmoja na mzigo wake, na kikapu kikafungwa kwa kamba ya mpira.

Msomaji wa bara huenda asiujue mto huu vizuri. Kilombero, mto wa mkoani Morogoro, hukutana na Luwegu, na kuanzia hapo maji huitwa Rufiji. Baadaye huongezewa na maji ya Ruaha Mkuu. Yakikaribia bahari hugawanyika katika mikono mingi kupita katika mikoko, ambayo ni miongoni mwa misitu mikubwa ya mikoko katika Afrika Mashariki yote. Mto ukifurika huleta udongo mzuri wa mpunga. Ndiyo maana watu wa bonde hili tangu zamani hawauchukii mto. Mashambani hujenga dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, wakalala humo juu ya maji wakilinda mpunga wao dhidi ya wanyama na ndege.

Lakini mto una siku zake. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 Serikali iliwahamisha watu wengi kutoka bondeni kwenda kwenye vijiji vya miinuko, katika kazi iliyoitwa Operesheni Rufiji. Na mwezi wa Aprili 2024 maji yaliyafunika tena mashamba na nyumba nyingi katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Mama Mkubwa ameyaona yote mawili: la kwanza akiwa msichana mdogo, la pili akiwa bibi mwenye wajukuu.

"Hodi Mama Mkubwa! Shikamoo!"

"Marahaba wanangu. Karibuni, karibuni. Hebu niwaone vizuri. Mama yenu kaacha sura yake kwa yule mdogo, na mwendo wake kwa yule mkubwa."

Akalia kidogo, nasi tukalia. Halafu akatuletea maji, akatutandikia mkeka chini ya mwembe, na yeye mwenyewe akaketi na kuendelea kusuka. Alisema nasi kwa saa nzima bila kuutazama mkono wake.

Kazi isiyolala

Kazi ya mikono ya wanawake wa huku ni ukili. Kufuma kwa sufu hakuna haja nako katika joto hili, ingawa kudarizi foronya na mashuka ya arusi wanakujua sana. Ukili ni utepe mrefu unaosukwa kwa chane za ukindu, yaani majani ya mkindu, mti unaopenda kuota penye unyevu na kando ya mito. Huchukuliwa majani machanga yaliyo katikati kabla hayajafunguka. Huanikwa juani mpaka yawe meupe, kisha huchanwa nyembamba. Zile zinazotakiwa ziwe na rangi huchemshwa katika sufuria. Zamani rangi nyeusi ilitokana na mizizi ya mdaa, na nyekundu ilitokana na mbegu za mzingefuri. Siku hizi wengi hununua rangi ya unga dukani.

Baada ya hapo mwanamke husuka. Husuka akingoja wali uive, husuka akimbembeleza mjukuu, husuka akienda kumjulia hali mzazi, utepe umekunjwa duara na kubanwa kwapani. Ukili ukitosha, huzungushwa na kuunganishwa ukingo kwa ukingo, akiushona kwa shazia, ile sindano kubwa ya mikeka, mpaka uwe mkeka. Mwisho hushonwa pindo.

Tulimwuliza, "Mama Mkubwa, mkeka mmoja hula ukili kiasi gani?"

Alicheka. Hajapata kuupima kwa mita. Yeye hupima kwa pima, mikono miwili ikinyooshwa. Lakini sisi tulipiga hesabu palepale kwa kalamu. Mkeka wenye urefu wa mita 2 na upana wa mita 1 na robo, ukishonwa kwa ukili wenye upana wa sentimita 5, unahitaji ukili wa mita 50. Hizo ni pima zipatazo 27. Tukashangaa. Mtu akimwambia mama mwenye watoto wanne, "Leo anza kusuka mita 50," atakimbia. Hata hivyo, Mama Mkubwa husuka pima moja kwa siku, wala haihesabu kuwa kazi. Kabla ya mwezi kwisha ana mkeka. Bandu bandu huisha gogo.

Tukatambua jambo ambalo hatukulifikiri tulipokuwa nyumbani. Kazi zetu za kufuma na kudarizi hufia njiani kwa sababu tunazitazama zikiwa nzima. Tunaliona shuka lote, sweta lote, nasi tunangoja siku yenye nafasi ya kutosha shuka lote. Siku hiyo kwa mke na mama haipo. Mama wa Mtunda hangoji siku. Ana pima yake ya leo, na kesho ana pima ya kesho.

Aidha, kazi yake haifichwi. Tulimwona jirani akipita njiani, akasimama, akaushika ule ukili, akasema, "Umekaza leo." Mwingine akaketi, akatoa wake. Mpaka saa kumi walikuwa watano chini ya mwembe, kila mmoja na duara lake, na maongezi ya kila namna. Hapo tulikikumbuka kikapu chetu, kilichokaa miaka mitatu chini ya kitanda, na ndani ya miaka hiyo hakuna jirani hata mmoja aliyeijua kazi iliyomo.

Mkeka wenye mikono mitano

Jioni, baada ya chakula cha wali wa nazi na samaki wa mtoni, Mama Mkubwa aliuliza, "Hicho kikapu mnachokikwepa tangu mchana kina nini?"

Tukalifunua shuka juu ya mkeka. Tukamweleza yote, hata ugomvi wetu. Kila mmoja alieleza upande wake, na haukuchukua muda sauti zetu zikaanza kupanda kama siku ile. Yeye hakutujibu. Alilivuta shuka karibu na taa, akaanza kupitisha kidole juu ya maua, moja baada ya jingine, kama mtu anayehesabu tasbihi. Alipofika ua la 13 kidole kikasimama.

"Hapa alikuwa anaumwa," akasema.

Tukanyamaza.

"Na hapa," akasema kwenye la 14. "Na hapa ndiyo zaidi. Lakini hakuacha."

Kisha akatuambia tusimame, akaugeuza ule mkeka tuliokuwa tumeukalia. Akatueleza kwamba mwaka 2024 maji yalipoingia ndani ya nyumba aliondoka na wajukuu, kanga mbili na duara moja la ukili alilokuwa amelifikisha nusu. Mikeka yake yote iliachwa, nayo ikaozea topeni. Waliporudi hakuwa na cha kulalia. Nusu ya ukili haitoshi mkeka. Basi majirani, ambao nao walikuwa wamepoteza vyao, wakampa kila mmoja pima chache za ukili wake. Huu ndio mkeka wenyewe.

"Tazameni. Huu mweupe uliokazwa ni wangu. Huu mpana kidogo ni wa yule wa nyumba ya pili. Yeye husuka akiwa na haraka siku zote. Huu wenye nyekundu ni wa binti wa jirani, alikuwa ndiyo kwanza anajifunza, mnaona unavyopinda? Mikono mitano. Ningeweza kumwambia binti yule, fumua usuke upya. Ningepata mkeka ulio sawasawa. Lakini nilikuwa ninalala chini, naye alinipa alichokuwa nacho."

Akaukunja tena mkeka, akatutazama.

"Mama yenu naye alikuwa hivyo hivyo. Ukili wake wa kwanza ulikwenda kama nyoka. Alilia, akataka kuutupa kwa ng'ombe wa watu. Mimi nikauchukua, nikaushona pembezoni mwa mkeka wake wa kwanza. Nilimwambia, 'Acha ukae hapo, siku moja utakuwa fundi, na utataka kujua ulikotoka.'"

Hapo sote wawili tulishikwa na mshangao, kwa sababu mkeka huo tuliujua. Tulilala juu yake utotoni, Mtunda na baadaye Morogoro, mpaka ulipochakaa. Ulikuwa na mstari mmoja uliopinda karibu na ukingo, nasi tulikuwa tukitembeza magari ya vijiti juu yake na kuuita mto. Tulimwuliza Mama mara nyingi kwa nini mstari ule umepinda. Alikuwa akicheka tu. Kumbe Mama, ambaye darizi yake ilisifiwa na kina mama wote wa mtaani kwetu, alikuwa akitulaza kila siku juu ya kosa lake la kwanza.

Mkubwa wetu, yule aliyetaka kufumua, alilishika ua la 15 akalilaza kwenye shavu lake. Hakuna aliyesema neno.

"Sasa mambo ni mawili," Mama Mkubwa akaendelea. "Alichokifanya mwenzenu msikifumue. Hapo ndipo alipofika, na kila atakayelala humo aone. Lakini msikiache hapo pia. Kazi haikuanzwa ili ikae sandukuni. Alianza shuka la kulalia watu. Yaliyobaki darizini ninyi, kwa mikono yenu, wala msijaribu kuigiza mkono wake. Mkono wa mtu hauigiziki."

Hivyo ndivyo tulivyoshindwa sote wawili katika ugomvi ule, na hatujapata kufurahi kushindwa namna hiyo.

Kuhusu sweta alikuwa na hukumu nyingine. Aliuliza mtoto mwenyewe ana miaka mingapi sasa. Tulipomwambia, akasema, "Hilo halina mwenyewe tena. Lifumueni. Uzi haukukosa, mtoto ndiye aliyekua." Naye ndiye aliyeutafuta mwisho wa uzi. Tukaukunja mpira mzima wa sufu kwa mwanga wa taa, watoto wa nyumba ile wakipokezana kuuzungusha. Ajabu ni kwamba kufumua kule hakukutuumiza. Kulikuwa kama kufungua mlango.

Mwanzo mpya

Asubuhi ya kuondoka tulimkuta Mama Mkubwa ameanza ukili mpya kwa chane nyeupe na nyeusi. Tukamwuliza kama ule wa jana umekwisha. Haukuwa umekwisha, lakini ulikuwa umebakiza pima moja tu. Ndiyo desturi yake: kazi ikikaribia mwisho, huanza nyingine kidogo pembeni, mkono usije ukaingia uvivu. Lakini haanzi ya tatu. "Mbili zinajuana," alisema. "Ya tatu ni fitina."

Ukili ule mpya ulikuwa wetu. Alitufungia na kibunda cha chane, akatupa masharti: mmoja asuke pima mbili, kisha aupeleke kwa mwenziwe naye asuke mbili, mpaka zifike 27. Ndipo turudi Mtunda kuushona, yeye akiwa na shazia mkononi.

Tangu siku hiyo tumejaribu kuyafuata nyumbani yale tuliyoyaona chini ya mwembe, na tungependa nawe uyajaribu, maana hayana gharama.

Kwanza, tulitoa kazi nje ya sanduku. Shuka lilikaa katika kikapu kilicho wazi karibu na kiti, sindano ikiwa na uzi tayari. Mtu akipata dakika ishirini wakati maharage yanachemka, asizitumie kutafuta mkasi.

Pili, tulikata kazi vipande. Maua 9 na herufi 4 za foronya yalikuwa mafungu 13. Tuliazimia fungu moja kwa wiki, basi. Wiki ambayo mtoto aliugua hatukudarizi, wala hatukujilaumu. Wiki iliyofuata tuliendelea pale pale. Mkubwa alichukua maua, mdogo foronya, na aliyemaliza mapema alimsaidia mwenziwe.

Tatu, tulikuwa wakweli juu ya kila kazi. Kama mwenyewe yupo na ana haja nayo, imalizwe. Kama mtoto amekua au haja imepita, ifumuliwe bila huzuni, uzi upate kazi nyingine. Sufu iliyofumuliwa hubaki na mikunjo. Iviringishe katika mafungu marefu, ifue taratibu kwa maji ya uvuguvugu, itundike ikauke, nayo itanyooka. Sweta lile la kijani limekuwa kofia mbili za watoto wachanga, na uzi umebaki.

Nne, hatukufanya peke yetu. Yule wa Dar es Salaam alitoka na foronya yake barazani siku ya Jumamosi. Jumamosi ya pili jirani mmoja alikuja na kitambaa chake cha kroshia alichokianza kabla ya kuolewa. Leo wanakaa wanne.

Shuka lilikamilika mwezi wa Novemba. Ukilitandaza utaona mikono mitatu bila kuambiwa. Kuna maua 12 ya mkono wa Mama akiwa na afya, sawasawa kama yaliyopigwa chapa. Kuna yale matatu. Halafu kuna 9 yetu, ambayo tukisema kweli hayafikii yale ya kwanza kwa uzuri. Kwenye foronya, neno "Salama" linaanza kwa buluu moja na kumalizikia kwa buluu nyingine, maana uzi wa rangi ile haukupatikana tena madukani. Bibi arusi alipolipokea aliuliza kuhusu yale maua matatu. Mama yake akamwonyesha kwa kidole, ua la 13, la 14, la 15, akamweleza.

Tulipokuwa tukilikunja siku ile tulimkumbuka Dorkasi wa Yafa, katika Matendo ya Mitume sura ya 9, na wale wajane waliosimama wakilia, wakionyesha nguo alizowashonea alipokuwa pamoja nao. Hatuambiwi kama palikuwa na nguo aliyoiacha nusu. Lakini ni mwanamke gani anayeshona siku zote asiache moja? Huenda mmoja wa wajane wale aliichukua akaimaliza.

Ukili wetu sasa uko Morogoro. Husafiri kwa basi, umefungwa katika gazeti, na kondakta mmoja amekwisha kuuzoea; huuliza umefika ngapi. Umefika pima 6. Pima mbili kati ya hizo zimepinda sana, nasi hatujazifumua. Kila unapofika inabidi tupigiane simu, kusema umefika salama na kuuliza nani alikaza kupita kiasi pale katikati, na simu hizo zimekuwa ndefu. Mama Mkubwa naye ametuma salamu tena wiki iliyopita. Anauliza mnafika lini, shazia inashika kutu.